Akishikwa na Uchungu, Usimuulize Kitu: Mwongozo kwa Baba Mtarajiwa

Usiku ule mtoto wetu wa kwanza anakuja, nilimuuliza mke wangu maswali 11 kati ya kitanda na mlango. Kadi iko wapi? Khanga zipi? Nimpigie nani? Hela uliweka wapi? Unaweza kutembea? Idadi hiyo sikuihesabu mimi, aliihesabu yeye, na mpaka leo nikianza kujisifu mbele ya watu ananitajia namba tu: "Kumi na moja." Nanyamaza.

Hatua hizi ndizo nilizofuata kwa mtoto wa pili, baada ya kuaibika kwa wa kwanza. Mimi si daktari wala mkunga. Nauza viazi. Tulikuwa tukikaa juu ya Isongole kule Rungwe, kisha tukahamia Uyole, Mbeya. Mambo ya kitabibu yaliyomo humu ndiyo yanayofundishwa kliniki kwa yeyote anayekaa kusikiliza, na nesi wako akikuambia tofauti kwa hali ya mkeo, mfuate yeye. Ninachotaka ni kwamba uchungu ukianza, kila jibu liwe tayari kichwani mwako, na mwenzako abaki na kazi yake moja.

Hatua ya 1: Nenda naye kliniki, uisome kadi

Hudhurio la kwanza liwe mapema, kabla ya wiki ya 12 kama mmeshajua. Siku hiyo wanawapima wote wawili VVU na kaswende, ndiyo maana wanakuita na wewe. Wapo wanaume wanaokimbia hapo. Nimesikia hata za mama aliyemlipa bodaboda aende naye akajifanye mume, tukacheka, ila ukiifikiria vizuri haichekeshi. Sehemu nyingi mama aliyeongozana na mwenza wake huhudumiwa mapema, kwa hiyo hata kama una haraka ya sokoni, kwenda naye kunakuokolea muda.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara 8. Si lazima uende zote. Nenda ya kwanza, nenda moja ya katikati, na usikose za mwisho, maana ndiko mnakoambiwa mtoto amelalaje na mkajifungulie wapi.

Mkirudi nyumbani, chukua kadi uisome kama unavyosoma risiti ya mzigo. Tarehe ya makadirio. Kundi la damu. Wingi wa damu. Presha. Na jina lililoandikwa juu, lisome neno kwa neno. Nitaeleza mbele kwa nini.

Ukiwa bado kliniki, uliza hili: mimba hii inafaa zahanati ya karibu au inataka hospitali? Mimba ya kwanza, mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, presha ya juu, aliyewahi kupasuliwa, aliyekwisha kuzaa mara nyingi, hao huelekezwa mahali penye chumba cha upasuaji na damu. Ukilijua hilo mwezi wa saba wa mimba, una miezi miwili ya kupanga. Ukilijua saa nane usiku, huna kitu.

Hatua ya 2: Funga begi kwa mikono yako

Nimesema wewe. Kama alilifunga yeye, utamuuliza. Wiki ya 34 au 35 liwe limekaa karibu na mlango. La kwetu lilikuwa hivi:

- kadi ya kliniki, na kadi ya bima kama mnayo
- doti 4 za khanga au vitenge vilivyofuliwa, laini, vinavyonyonya
- glovu, pamba, kibana kitovu, wembe mpya, mpira wa kutandika kitandani
- pedi kubwa za uzazi, nguo za ndani 3, gauni la kufungua mbele
- beseni, sabuni, ndoo ndogo yenye mfuniko
- chupa ya chai, kikombe, sukari, unga wa uji
- nguo za mtoto: kofia 2, soksi, shali nzito, nepi za kitambaa
- tochi, chaji ya simu, hela za chenji

Sera ya serikali inasema huduma ya mjamzito ni bure kwenye vituo vyake, na mwanzoni nilidhani basi nitakwenda mikono mitupu. Vifaa huisha. Uliza kituo chenu mapema wanataka mje na nini, ununue kidogo kidogo kila ukiuza. Mimi kila gunia lililotoka niliondoka na kitu kimoja pale sokoni Mwanjelwa. Mpaka mwezi wa nane wa mimba begi lilikuwa limejaa, na mfukoni sikuona pengo.

Kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ongeza kofia. Wageni kutoka Dar es Salaam hucheka kofia za sufu za watoto wa huku. Waache wacheke.

Hatua ya 3: Usafiri, na nani atashika usukani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoharibu.

Mvua ya Rungwe mwezi wa nne haiulizi mtu. Bodaboda haipandi kilima chetu, na hata ingepanda, mwanamke mwenye uchungu hakai kwenye pikipiki. Mwenye gari pale jirani alikuwa mmoja tu: baba yangu, na pikapu yake ya kubebea viazi. Wanyakyusa wenzangu najua mshaanza kucheka. Kwa mila zetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikaribia kukutana njiani mmoja anakwepa. Wengi mjini wameshaacha. Kwa wazee wangu bado. Sasa unampandishaje mwanamke anayeugulia uchungu kwenye kiti cha mbele, kando ya mkwewe?

Saa nane usiku, mvua inapiga bati, tukaanza kikao. Nusu saa nzima. Mwishowe mzee akashika usukani, macho mbele, na sisi watatu, mimi, mama yangu na mke wangu, tukapanda nyuma kwenye bodi chini ya turubai la viazi, linanuka udongo na mbolea. Mzee hakugeuza shingo hata mara moja mpaka hospitali. Kila gari lilipoingia shimoni alikuwa anakohoa, nadhani ndiyo ilikuwa pole yake.

Hakuna aliyekosea usiku ule isipokuwa mimi. Jambo la kuzungumza na wazee mchana, juani, mwezi mmoja kabla, nililiacha likaja kuzungumzwa gizani. Wazee wenyewe walikuwa na jibu: mdogo wangu anajua kuendesha, na alikuwa amelala nyumba ya pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi, andika madereva 3 na namba zao. Waulize waziwazi kama wanapokea simu usiku. Kubaliana bei sasa, kwa sababu bei ya saa nane usiku huwa ya ajabu. Wafundishe nyumba ilipo, wasije wakakwama kwenye kona wakikuuliza "kwa nani?" Kama uko Uyole au Nsalaga na hospitali iko upande wa mjini, kumbuka foleni ya malori kwenye barabara kuu ya Tunduma, mwombe dereva akuonyeshe njia za ndani anazozijua. Kama uko mbali kabisa, milimani kule Makete au Ileje, fikiria mke kwenda mjini wiki mbili kabla, akae kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama hospitali yenu inayo.

Namba moja iandike kwa wino mzito ukutani: 115. Ni ya mfumo wa m-mama, wa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kupiga ni bure. Ukisema dalili na mlipo, wao hutafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali humtuma dereva wa kawaida waliyemwandikisha, ambaye hulipwa na mfumo, wewe hutoi nauli. Hiyo ni kwa dharura, si teksi ya kukupeleka kujifungua kwa kawaida. Dharura zenyewe nimeziorodhesha hatua ya 5.

Hatua ya 4: Damu na akiba

Tafuta watu wawili wenye afya, wenye kilo 50 na zaidi, walio tayari kutoa damu wakiitwa. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, kwa hiyo na wewe jihesabu. Waambie kabla, wasijifanye wana safari. Akiba iweke kwenye simu na nyingine taslimu kwenye begi. Inatosha.

Hatua ya 5: Ujue uchungu, usiuogope wala usiupuuze

Wiki za mwisho kuna uchungu wa danganyifu. Tumbo linakaza, linaachia, akibadili mkao au akitembea unapotea. Uchungu wa kweli una mpangilio: unakuja, unakaa, unaondoka, unarudi, na kila ukirudi unakaribiana na kuzidi nguvu. Mara nyingi huanzia kiunoni ukazunguka mbele. Anaweza kutoa ute mzito wenye damu kidogo. Chupa inaweza kupasuka, maji yakatoka kwa kishindo au yakavuja tu.

Kaa na saa. Andika uchungu ulipoanza, ulidumu muda gani, wa pili ukaja lini. Mke wangu asingeweza kuhesabu, na wala usimuulize "umeisha?" Mtazame mabega. Yakishuka, umeisha. Kwa mimba ya kwanza, ukiwa karibu na hospitali, uchungu wa kila dakika 5 unaodumu kama dakika moja ni wa kuondoka nao. Ukiwa mbali, au ni mtoto wa pili na kuendelea, usisubiri ufike hapo, wa pili hukimbia. Wetu wa kwanza alichukua usiku mzima na mchana. Wa pili, muda wa saa tano tu.

Yafuatayo hayahesabiwi dakika. Yakitokea, ni kuondoka au 115 papo hapo:

- damu mbichi inayotoka, si ute wenye madoa
- kichwa kinauma vikali, macho yanaona maruweruwe, uso na mikono vimevimba, au amepata degedege
- maji yametoka na ni ya kijani au yananuka
- maji yametoka na uchungu haujaja
- mtoto amepunguza au ameacha kucheza
- homa, au anahema kwa shida
- kitovu au mkono wa mtoto umetangulia

Na kama mama, shangazi, au jirani mwenye nia njema atakuja na kikombe cha dawa ya kienyeji ya "kuongeza uchungu", wewe ndiye mlango. Dawa hizo zinaweza kulikaza tumbo la uzazi kupita kiasi, hata likachanika, na mtoto akakosa hewa. Huhitaji kumgombeza mtu mzima. Mimi nilikipokea kikombe kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda kukimwaga nyuma ya banda la kuku.

Hatua ya 6: Mikono yako

Uchungu ukiwa bado wa nyumbani, mwache atembee, aegemee ukuta, apige magoti kitandani, achague mwenyewe. Uji mwepesi, chai, maji, kidogo kidogo. Haja ndogo kila baada ya saa mbili hivi, maana kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka.

Kisha kiuno. Nieleze vizuri, maana wengi tunapapasa tu. Kuna mfupa bapa juu kidogo ya makalio, katikati. Uchungu unapoanza, weka kisigino cha kiganja hapo ubonyeze, ubonyeze kweli, kama unavyosukuma mlango uliovimba kwa mvua. Usisugue juu juu. Nilipokuwa nasugua aliuondoa mkono wangu kama nzi. Nilipobonyeza alisema, "Chini." Nikashuka. "Chini zaidi." Nikashuka. "Hapo. Usitoke." Nikakaa hapo karibu saa mbili, kila dakika chache, mpaka mkono ukafa ganzi nikabadilisha. Kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto ya wastani kinasaidia mahali hapohapo.

Maneno yawe machache. "Niko hapa" inatosha. Usimwambie "jikaze". Usimsimulie mke wa fulani alivyojifungua akiwa shambani akarudi kulima. Na asipopenda kuguswa, ondoa mkono, kaa kando, usinune. Akikutukana, poa, kesho hatakumbuka. Au atakumbuka mkacheka.

Hatua ya 7: Mlangoni mwa leba

Hospitali nyingi zetu leba ni chumba kimoja chenye vitanda kadhaa, na mwanaume hazuiwi kwa ubaya, anazuiwa kwa staha ya akina mama wengine. Zipo zenye mapazia au vyumba ambazo sasa zinakubali mwenza. Uliza mkiwa kliniki. Ikishindikana wewe, uliza kama mama yake au dada yake anaweza kuingia.

Ukibaki nje, nje nako kuna kazi. Usiende "kunywa chai kidogo". Usizime simu. Kaa mahali unaposikika.

Sasa lile jina. Mtoto wa kwanza, nimekaa kwenye benchi la mbao, naona wanaume wengine watano, kila mmoja na ndoo yake. Nesi akatoka akaita jina. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa sauti. Tukatazamana. Mara ya tatu akasema, "Huyu mama hana ndugu? Tunataka khanga kavu na chai!" Nikamwonea huruma huyo mama asiye na ndugu. Mama yangu, aliyekuwa amesinzia pembeni, akanipiga kiwiko: "We! Si mkeo?" Kwenye kadi aliandikishwa jina la ubatizo na la baba yake na la babu yake. Mimi nyumbani nilikuwa namwita jina lingine kabisa, la utotoni. Lile la kwenye kadi nililisikia mara ya mwisho siku ya ndoa, mchungaji akilitamka. Wale wanaume watano sitaki kukutana nao tena.

Ukiruhusiwa kuingia, kama nilivyoruhusiwa kwa wa pili, simama upande wa kichwa chake. Huko ndiko kwako. Mpe maji kwa mafunda, mfute jasho, mpe mkono. Fuata kauli ya mkunga: akisema asukume, mtie moyo asukume, akisema ahemehe tu, usipaze sauti yako ya "sukuma!" juu ya ya mkunga. Njia ikifunguka sentimeta 10 ndipo kusukuma kunaanza, na kwa mtoto wa kwanza kunaweza kuchukua saa moja, mbili, hata tatu. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini sakafuni bila kuaga. Wahudumu hawana muda wa kumwinua mwanaume aliyeanguka.

Mtoto akitoka, usitishike. Anaweza kuwa na rangi ya zambarau mpaka avute hewa na kulia. Kichwa kinaweza kuwa kimerefuka kwa kubanwa njiani, kinarudi chenyewe siku chache. Ule utando mweupe mwilini si uchafu.

Wakija kukuambia upasuaji unahitajika, uliza mambo mawili: sababu ni nini, na wanahitaji nini kutoka kwako. Mkeo mwenyewe ndiye wa kukubali na kusaini akiwa na fahamu. Kazi yako ni kutochelewesha. Usiitishe kikao cha ukoo kwa simu, nimeshakuonyesha vikao vyangu vya usiku vilivyo.

Ukiona kauli mbaya kwa mkeo, ishike moyoni, sema kwa upole palepale kama inawezekana, na malalamiko yapeleke kwa msimamizi wa wodi baadaye. Ugomvi katikati ya leba anaulipia aliye kitandani.

Hatua ya 8: Saa ya kwanza

Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Anyonye ndani ya saa moja. Maziwa yale ya mwanzo, mazito na ya njano, ndiyo yenyewe, asikamue mtu kuyamwaga. Mama anachomwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi na kondo la nyuma hutoka, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kama kwenu kondo huzikwa nyumbani, mwambie nesi mapema.

Saa 24 za mwanzo ndizo za kumtazama mama, maana wote mnakimbilia kumtazama mtoto. Damu ikiloa pedi au khanga haraka haraka, akiwa baridi, amelegea, anataka kuzimia, ita mtu. Piga kelele kama ni lazima. Usingoje "daktari azunguke".

Simu za furaha? Muulize yeye kwanza nani ajue. Hili swali linaruhusiwa.

Hatua ya 9: Nyumbani, baridi, na jiko la mkaa

Sisi wa nyanda za juu tuna hatari yetu wenyewe. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mwezi wa saba. Uyole mwezi wa saba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na kila anayekuja kumwona mzazi anasema jambo moja: leta jiko, mtie moto mtoto.

Usilale na jiko la mkaa ndani. Najua watu wanasema likishawaka jekundu na moshi ukaisha halina shida. Si kweli. Mkaa mwekundu unaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba cha mzazi ndicho tunachokiziba zaidi: dirisha limefungwa, kitambaa kimesokotwa chini ya mlango. Aliye ndani anaanza kuumwa kichwa, anasinzia, haamki. Mama mkwe wangu tulivutana naye kwa hilo. Sikushinda kwa hoja, nilishinda kwa kulitoa jiko nje kila mara alipoliingiza, siku tatu mfululizo, bila kusema neno, mpaka akachoka.

Joto lenyewe linapatikana hivi. Mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, shali juu. Si kifua cha mama tu. Mama akioga au akilala, vua shati, mweke kifuani kwako, jifunike blanketi. Usiku wa kwanza nilikaa hivyo kwenye kiti mpaka jogoo akawika, nasikia moyo wake mdogo unakimbia kama saa iliyoharibika. Kitanda unaweza kukitia joto kwa chupa ya maji ya moto, lakini itoe kabla hujamlaza. Kumwogesha subiri saa 24. Gusa nyayo zake: zikiwa za baridi na tumbo nalo la baridi, mrudishe kifuani. Akikataa kunyonya, amelegea, amepoa hapati joto au amechemka, anahema haraka, macho au nyayo zimekuwa za njano, kitovu chekundu kinatoa usaha, nenda hospitali usiku huohuo.

Kitovu kikae kikavu. Majivu hapana, mafuta hapana, mate ya bibi hapana. Na miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe.

Mama naye: damu kuongezeka badala ya kupungua, homa, uchafu unaonuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kikali na maruweruwe. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Wakitaka kumkanda, maji yawe ya vuguvugu, na aliyepasuliwa kovu lisiguswe.

Siku ya tatu au ya nne anaweza kulia bila sababu. Hiyo ni ya kawaida, kaa naye. Ikipita wiki mbili bado analia, halali hata mtoto akilala, au hataki kumgusa mtoto, mpeleke kliniki useme wazi.

Hatua ya 10: Siku zinazofuata

Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi ya baba yenye malipo, siku zisizopungua 3, uichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wengi hawaiombi kwa sababu hawajui ipo. Sisi wa sokoni tunajipa wenyewe.

Siku hizo teka maji, fua nepi, pika. Mbalaga (ndizi zetu za kupika), supu, uji wa ulezi, maziwa. Mzazi anakula kuliko alivyokula na mimba. Wageni wape dakika 15, asiyetoka mwambie mtoto anataka kulala, na anayekohoa amwone kwa mbali. Mkeo asichote maji wala kuinua ndoo.

Peleka wote wawili kliniki ndani ya siku mbili kama hamkulala hospitali, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Hakikisha mtoto amepata chanjo ya kifua kikuu na ya polio ya mwanzo. Mambo ya chumbani yasubiri ile ya 42, na hapo mzungumze uzazi wa mpango mkiwa wawili.

Na cheti cha kuzaliwa usikiweke kiporo mpaka siku ya kuandikisha shule. Mkoa wetu wa Mbeya ndio RITA, wakala wa serikali wa usajili, ilikoanzia mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5, mwaka 2013, na cheti hutolewa bure kituo cha afya au ofisi ya kata. Mimi nilikwenda na wa pili wiki ya tatu, mke wangu kakaa kwenye kiti amembeba. Karani akachukua kalamu, akauliza jina kamili la mama. Nikayataja yote matatu, la ubatizo, la baba yake na la babu yake, kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Karani akaandika. Mke wangu akanitazama, akasema, "Kumi."